Mkono Uliokuja Juu

Hinterried, 2 Julai 2005

Veronika mwanangu,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaingia kwenye habari za mvua na ng'ombe, na barua itaisha sijasema kitu.

Siku ile ulipotoka Bremen na ile karatasi ya miadi ya hospitali, ukasema umekuja kumchukua mama yako akakatwe uvimbe wake, nilikufungia mlango. Nilikuwa upande wa ndani, nimeshika komeo. Nikakuambia kupitia ubao wa mlango kwamba wewe ndiye uliyeko kwenye titi lake. Sikuwa nimelewa. Kama ningekuwa nimelewa ningekuwa nimeshajisingizia pombe miaka hii yote.

Jumapili nilikutana na mama yako mdogo Leni makaburini. Hutujui mimi na Leni siku hizi: tunaonana kaburini kwa mama yako Burgi, kila mtu anamwagilia maua yake, hatusemeshani. Jumapili akasema huku ananipa mgongo, "Vroni ana uvimbe kifuani. Wewe ni wa mwisho kujua, na ningeweza ningekunyima hata hilo." Akachukua ndoo yake akaondoka.

Hakuniambia titi gani. Nawe usiniambie. Kichwa changu kitaanza ile hesabu ya zamani chenyewe, hata nikikikataza.

Nenda hospitali, Vroni. Sina haki ya kukuambia ule wala ulale, najua. Ila hili nalisema. Wakikupa siku, nenda siku hiyo, wakate wanachokata. Usimsikilize mtu yeyote anayekuambia usubiri.

Baba yako,
Korbinian


Bremen, 11 Julai

Korbinian,

La kushoto. Ulisema nisikuambie, kwa hiyo nakuambia.

Siku nimeshapewa: Jumanne, tarehe 23 Agosti. Daktari ni mwanamke wa rika langu, anasema tumewahi. Alilisema hilo neno kama mtu anayenipa zawadi. Mimi nikafikiri, mama naye aliwahi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Jule wangu aliimba kwenye sherehe ya shule. Wimbo ulipoisha watu wakapiga makofi, nami nikapiga, halafu nikaangalia mikono yangu. Kulia juu. Nikabaki nimesimama katikati ya wazazi wenzangu, mikono iko hewani, kama mtu aliyesahau sala. Mama wa mtoto mwingine akaniuliza kama nimeumia.

Kulia juu, titi la kushoto: mtoto. Sawasawa na mama. Siamini hata chembe. Vile vitabu vya yule mponyaji wenu Zengerle nilivisoma wakati ule ili nijue mnamfanyia nini mama, nikavicheka. Lakini umeniachia kitu kichwani na hakitoki. Kipindi cha baridi Jule aliniponyoka mkono karibu na reli za tramu, dereva akafunga breki, nikamvuta kwa kola. Sasa najikuta nahesabu miezi kutoka siku ile mpaka siku niliyogusa uvimbe. Anapokula namwangalia na kufikiri, ni wewe?

Nimempeleka kwa baba yake Oldenburg mpaka shule ifunguliwe. Wakati namfungia begi akaniuliza amefanya nini. Nikamwambia hujafanya kitu. Nikasikia sauti yangu, na ilikuwa sauti ya mtu anayeficha.

Sitaki radhi yako wala sina radhi ya kukupa. Nataka jibu moja. Wewe ndiye uliyempigisha mama makofi, ukapeleka jibu kwa Zengerle. Alipiga vipi? Nieleze ilivyokuwa. Zengerle naye nimemwandikia.

Veronika


Oberried, 19 Julai 2005

Ndugu yangu Korbinian,

Alhamisi zetu zimekukosa muda mrefu. Kiti chako pale karibu na jiko hakuna anayekikalia, watu wanakuheshimu.

Binti yako ameniandikia barua nzuri sana, barua ya mtu anayetafuta. Inanigusa kwamba ni yeye, baada ya yote yaliyotokea. Nimemjibu asiogope. Mwili haukosei, wewe unalijua hilo kuliko wengi. Wanachokiita ugonjwa ni kazi ambayo mwili umeianza kwa sababu ya pigo la moyo, na utaimaliza wenyewe mtu akiacha kuusumbua. Kinachotakiwa ni kulijua pigo lilitoka kwa nani, na kumweka mtu huyo mbali hadi kidonda kikauke. Nimefurahi kusikia amekwishampeleka mtoto kwa baba yake. Hakuna aliyemfundisha, moyo wake umemwongoza.

Kesi ya marehemu Burgi naifundisha mpaka leo, hata kwa wageni wanaotoka Uswisi. Sijapata nyingine safi kama ile: mkono wa kulia juu, titi la kushoto, mtoto wa pekee aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Kila kitu kimekaa mahali pake. Ilikwenda vibaya kwa sababu mbili tu, na sikulaumu kwa ukali. Binti alikuja mlangoni akalifungua pigo upya, na siku za mwisho wewe ulimruhusu daktari aingie na mofini. Nilishakusamehe.

Nimemwalika Veronika Alhamisi ya tarehe 18 Agosti, chumba cha nyuma pale baa ya Adler, saa mbili usiku kama kawaida. Atakuwepo pia Marlies, mke wa yule kijana fundi mabati. Ana mtoto mchanga na uvimbe mdogo, na mumewe anamsukuma kwenda kukatwa. Itamsaidia kusikia kesi ya mama na ya binti kwa pamoja.

Ombi moja. Usimwandikie tena binti yako mambo ya visu. Hofu ya mzazi ni pigo la pili.

Wako katika kuelewa,
Ottmar Zengerle


Hinterried, 27 Julai

Vroni,

Alipiga kushoto juu.

Nimeiandika sentensi hiyo moja na nikatoka nikaenda zizini, nimerudi sasa hivi. Ngoja nieleze yote, na nieleze taratibu, maana ni miaka sita sijawahi kulisema kwa sauti.

Zengerle hakumgusa mgonjwa, sheria ilimkataza. Alichofanya ni kutufundisha sisi wa nyumbani. Unamwambia mgonjwa apige makofi bila kumweleza kwa nini. Mkono unaokuja juu ndio mkono wake wa kweli, hata kama anaandika na mwingine. Akipiga kulia juu, titi la kushoto ni la watoto na la kulia ni la mume. Akipiga kushoto juu, inageuka: titi la kushoto ni la mume. Ndiyo elimu yote. Sisi tuliokaa kwenye kile chumba tuliijua kama sala ya Baba Yetu.

Ilikuwa Oktoba, mama yako anaosha makopo ya maziwa jikoni. Uvimbe ulikuwa titi la kushoto, mdogo, alinionyesha wiki ile ile. Nikamwambia, "Burgi, piga makofi." Akacheka. "Nimshangilie nani, wewe?" Nikamwambia amshangilie askofu. Akafuta mikono kwenye aproni akapiga. Mama yako unamjua, aliandika kwa kulia, alikamua akianza na kulia, makofi ya mashavuni aliyokupiga wewe alipiga kwa kulia. Mkono uliokuja juu ulikuwa wa kushoto.

Sasa kuhusu mume. Kipindi cha kukata nyasi, mwaka ule ule, mama yako aliambiwa kuhusu mimi na Gundi, yule mhudumu wa Adler. Ilikuwa kweli, tena ilikuwa ya muda mrefu. Hakunigombeza. Aliendelea kufua mashati yangu. Nilipokaa mezani alikuwa anasogeza sahani yangu kwa ncha ya kidole, kama kitu cha moto. Basi. Halafu vuli ikaja na uvimbe.

Niliamini, Vroni, na hapo ndipo pabaya. Mtu asiyeamini angesema kushoto kulia yote ni upuuzi, angeandika alichoona. Mimi niliamini kila neno, kwa hiyo niliposimama pale jikoni nilijua ni mimi ninayemuua. Alhamisi nikaenda chumba cha nyuma. Zengerle akauliza mbele ya watu, "Mkono gani?" Gundi alikuwa ndiyo anaingia na bia. Nikasema kulia.

Zengerle akauliza kama kuna mtoto aliyemwumiza. Sikuhitaji kujibu. Chumba kizima kilijua ulivyoondoka na yule kijana wa kaskazini, umeacha shamba na kitanda hakijatandikwa. Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akanipiga bega.

Hiyo ndiyo habari. Wewe hukuwemo kwenye titi la mama yako, nilikuweka mimi. Na Jule hayumo kwenye lako. Mrudishe nyumbani, halafu nenda tarehe 23.

Baba yako


Bremen, 3 Agosti

Baba,

Barua yako nimeisomea chooni kazini, nimekaa juu ya kifuniko, hadi bosi akaja kugonga.

Umeandika ili nijue hesabu ya Zengerle ni upuuzi. Soma tena ulichoandika. Kushoto juu, titi la kushoto: mume. Na mume alikuwa na Gundi. Kwa hiyo hesabu ilitoa jibu sahihi, wewe ndiye uliyelibadilisha. Mama akatibiwa kwa jibu lililobadilishwa, akafa. Ukimpa mtu dawa ya mgonjwa mwingine unategemea nini?

Nilijaribu kucheka nikashindwa. Kwa miaka sita nilijiambia, hawa ni wendawazimu wa milimani. Sasa wewe mwenyewe umenithibitishia kwamba mikono ya mama ilisema kweli. Basi na yangu inasema kweli. Yangu haikusomwa na mwongo, nimeisoma mwenyewe, tena mara nyingi. Kulia juu. Mtoto.

Nimewapigia hospitali nikaahirisha. Wamesema nafasi yangu wataishikilia hadi Ijumaa tarehe 19 saa sita mchana. Baada ya hapo inakwenda kwa mtu mwingine, na mimi nitasubiri mpaka Oktoba huko. Daktari alichukua simu mwenyewe. Alisema, "Bi Vogler, mimi nisingesubiri." Nikamwambia nina mambo ya kifamilia ya kumaliza.

Alhamisi ile nitakuja kwa Zengerle. Nitafikia kwa mama mdogo. Usije stesheni.

Jule anapiga simu kila jioni. Ikilia naiangalia hadi inyamaze.

V.


Oberried, 8 Agosti

Shemeji,

Nakuandikia kwa sababu nikija nitakupiga na kitu, na mimi ni mzee, nitavunja mkono bure.

Vroni amenisomea barua yako kwenye simu. Kwa hiyo ulikaa miaka sita ukatoa siri ya Gundi. Korbinian, Gundi alijulikana na kijiji kizima. Padri alijua. Mbwa wa padri alijua. Ulidhani unaungama, kumbe umempa mtoto ngazi ya kupandia kwa Zengerle. Sasa anasema mikono ya mama yake ilisema kweli, hesabu inafanya kazi. Hongera sana.

Unamkumbuka Bless, yule ng'ombe wako wa uso mweupe? Kipindi kile kile dada yangu yuko chumba cha juu anafungwa kitambaa kifuani. Ulipoona kinyama kimeota kwenye jicho la Bless, ulimpigia daktari wa mifugo kabla hujanywa kahawa. Nilikuwepo, nilikuwa nachemsha maji. Daktari akasema ni kansa, hawa wenye uso mweupe jua linawapata, akakata palepale Bless amefungwa kwenye nguzo. Hukumuuliza ng'ombe amegombana na nani. Hukumpigisha makofi. Na Septemba iliyofuata, ng'ombe wakirudishwa kutoka malisho ya kiangazi, Bless alishuka mlimani mbele ya kundi lote na taji la maua kichwani, mzima, jicho moja, na wewe ukiwa umevaa kofia yenye unyoya.

Nilimwosha Burgi mimi. Harufu ile bado ninayo puani. Na kitu kingine ninacho, nilidhani ungekisema mwenyewe: nilikuona kupitia upenyo wa mlango, amelala, hawezi hata kukaa, na wewe unamwambia apige makofi. Haikuwa mara ya kwanza, niliona jinsi alivyokutazama. Ulikuwa unatafuta nini? Mwambie Vroni hilo. Mwambie yote au usimwambie tena kitu chochote maishani.

Jumatatu ni sikukuu ya Bikira Maria. Fungu la majani la Burgi nitalipeleka mimi kanisani kubarikiwa, kama kila mwaka. Usilete lako.

Leni


Hinterried, 12 Agosti 2005

Vroni mwanangu,

Leni ana haki. Nilikuambia sehemu ile ninayoweza kuivumilia. Mwanamume mzinzi na mwongo, huyo naweza kuwa, wapo wengi hapa na wanaingia kanisani. Kuna sehemu nyingine.

Baada ya ile mara ya kwanza jikoni nilikuwa sipati raha. Nikamwambia mama yako apige tena. Nilitafuta kisingizio, nikasema Zengerle anataka kuhakikisha. Akapiga. Kulia juu. Nilifurahi, nikaona sasa uongo wangu umegeuka kweli. Wiki iliyofuata nikamwambia tena: kushoto. Alipotoka kubeba kuni: kulia. Asubuhi kitandani: kushoto, halafu palepale kulia. Nikaanza kujipiga mwenyewe zizini, ng'ombe wananitazama. Siku moja hivi, siku nyingine hivyo, nikiwa nimeshika koleo kabla yake, inabadilika. Na mimi sina kitu kifuani.

Sikiliza nilijua lini. Ilikuwa sikukuu ya mishumaa, Februari, mapadri wanabariki mishumaa na mimi niko benchi la nyuma natazama mikono yangu. Pale ndipo nilijua kwamba hakuna kitu. Si kwamba Burgi alisomwa vibaya. Hakuna cha kusoma. Uvimbe ni uvimbe.

Na ule uvimbe bado ulikuwa mdogo. Ungekatika.

Wewe ulikuja mlangoni Pasaka.

Kwa hiyo nilipokuwa nimeshika komeo na kukuambia yale maneno, nilikuwa nimeshajua wiki nyingi kwamba si kweli. Sikukufungulia, maana ningekufungulia ningelazimika kusema kila kitu: kwamba nilidanganya, kwamba mbele ya chumba kizima nilikutwika wewe, kwamba kuna Gundi. Niliona aibu. Mama yako amekufa kwa aibu yangu, Vroni, kwa kitu kidogo kama hicho. Kutoka Februari hadi Machi ya mwaka uliofuata, alipokufa, niliendelea kwenda Alhamisi, nikakaa karibu na jiko, nikasikiliza nikijua. Alipovimba, Zengerle akasema ni uponyaji, nikaitikia. Lilipopasuka akasema sasa kinatoka, nikaitikia. Alipolia kwa maumivu akasema mofini itaharibu kazi yote, nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako, vumilia. Yale makofi Leni aliyoyaona yalikuwa ya mwisho. Leni ameniuliza nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa naomba angalau mara moja mikono ije sawasawa, ili kuwe na kitu. Mikono yake haikukutana hata.

Aliniuliza habari zako karibu kila siku. Nilimwambia hutaki kuja. Siku moja akasema, "Akija asije na Jule, harufu itamtisha mtoto." Baadaye akasema, na hili sijawahi kumwambia mtu, "Vroni hakunipa hiki kitu. Hata wewe hukunipa. Nimechoka tu kubishana." Alikuwa anaogopa kisu, mama yake mzazi alikatwa akafa, kwa hiyo nilipomletea mtu anayesema kisu si lazima alishukuru. Mimi ningeweza kumtoa kwenye hofu ile. Wewe ungeweza zaidi, ndiyo maana ulikuja na miadi mkononi. Nilifunga mlango kati yenu.

Sasa barua yako. Unasema hesabu ilitoa jibu sahihi. Vroni, ni nani ambaye isingempa jibu sahihi? Mtafute mwanamke yeyote hapa Hinterried, chagua titi unalotaka. La mume? Nionyeshe ambaye mumewe hajamuumiza. La mtoto? Nionyeshe mama ambaye mtoto hajamponyoka mkono. Utapata wa kumlaumu kahawa haijapoa. Wewe umepata tramu. Ungekuwa umepiga kushoto juu ungepata yule mwanamume wako wa Oldenburg, na ungeapa ni yeye. Piga tena. Piga leo, piga kesho, piga ukiwa umelala, piga ukiwa umebeba mfuko. Andika kila mara. Halafu niambie ni mkono gani.

Bless naye hakuwa na Gundi. Kuhusu Bless sina la kusema. Leni amesema.

Sikuahidi kwamba kisu kitakuponya. Huyo daktari wako naye hakuahidi, nimeona ulivyoandika, alisema tu angekuwa yeye asingesubiri. Ni zaidi ya alichopewa mama yako.

Kuna jambo nakuomba kabla ya yote. Simu ya Jule ikilia leo jioni, ishike. Huhitaji kumweleza. Muulize amekula nini. Mtoto amefungiwa mlango na hajui kwa nini, na mlango huo nimeutengeneza mimi, wewe umeukuta tayari.

Sasa nakuambia nitakachofanya.

Jana nilikwenda kwa Gundi. Siku hizi yuko na mumewe kule juu kwenye kiwanda cha jibini. Tukasimama nje kwenye matope. Nikamwambia nitalitaja jina lake mbele ya watu Alhamisi, kama atakataa nitasema tu mwanamke fulani. Akasema, "Litaje, Korbinian. Bia ile niliiingiza mimi. Nilisikia ukisema kulia, nikaona uso wako, nikajua kuna kitu. Nikaweka glasi mezani nikatoka." Kumbe naye amebeba chake.

Alhamisi ijayo, tarehe 18, saa mbili usiku, nitakuwa kwenye chumba cha nyuma cha Adler, kwenye kiti changu karibu na jiko. Nilimpigia Zengerle kumwambia narudi, akafurahi, akasema itakupa nguvu kuniona. Unajua anavyoanza: humsimamisha mgeni na kumwambia apige makofi. Atakusimamisha wewe, au atamsimamisha yule binti Marlies na kichanga chake mapajani. Kabla hamjainua mikono nitakuwa nimesimama. Nitasema mbele ya wote kwamba Burgi Vogler, ambaye mnafundishwa habari zake hapa na Uswisi, alipiga kushoto, na kulia, na kushoto. Kwamba nililijua hilo wakati bado angekatwa akapona. Kwamba binti yake alikuja kumwokoa na mimi nikamfungia nje. Nitasema alivyokufa, na harufu, na kitambaa, bila kuruka. Marlies asikie, mumewe asikie. Wakinitoa nitamalizia kwenye ngazi. Nitasema uwe umekuja au hukuja.

Fritz jirani atanikamulia hadi nirudi, na gari nimelijaza mafuta. Sijawahi kuendesha kupita mji wa Ulm lakini barabara zina vibao. Ukitaka, tutaondoka kutoka hapo hapo, na Ijumaa kabla ya saa sita utakuwa Bremen unawaambia hospitali nafasi ni yako. Hutaki kupanda na mimi, Leni atakupeleka stesheni alfajiri, au simu ipo kwake jikoni, inatosha. Tarehe 23 nitakuwa nje ya lango la hospitali tangu asubuhi. Si lazima uniangalie.

Lakini kwanza Alhamisi. Nitafika mapema. Mlango wa kile chumba una kitasa kinachojibana, watu huusukuma wakadhani umefungwa. Nitaweka kiti hapo kuuzuia, ubaki wazi.

Baba yako,
Korbinian